Sakafu Iliyo Chini ya Sakafu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Nyumba mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yachapishwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Mlitupa kazi ya kuchungua hali ya sakafu ya ukumbi wa chama chetu na kuleta shauri mbele yenu. Kazi hiyo tumeimaliza, na leo twaleta majibu. Yafaa tuseme mapema jambo linalotakiwa kukatwa, ili kila mtu asikilize akijua asikilizia nini. Fedha zilizomo katika mfuko wa nyumba zatosha kazi moja kati ya mbili. Kazi ya kwanza ni kupiga msasa sakafu yote ya mvule, kuipaka vanishi mpya, na kununua viti vya ukumbi. Kazi ya pili ni kufungua sakafu ya upande wa kaskazini, kuondoa mbao na boriti zilizooza chini yake, kuweka nyingine, na kurudisha mbao za juu mahali pake bila mapambo yo yote. Kazi zote mbili kwa pamoja hatuziwezi, isipokuwa kwa kuugusa mfuko wa mazishi na misaada, na mfuko huo kanuni zetu zatukataza kuugusa kwa ajili ya majengo.

Shauri letu ni kazi ya pili. Twajua kwamba wengi wenu mmetamani kuuona ukumbi ukimetameta siku ya karamu ya mwaka, na tamaa hiyo si mbaya. Walakini twaomba mtuvumilie tueleze sababu, nanyi mpime.

Kwanza tuseme sakafu yetu imejengwaje. Mtu aingiaye ukumbini huona mbao za mvule tu, akasema, hii ndiyo sakafu. Kumbe ni kama watu watatu waliopandana mabegani. Wa chini kabisa ni boriti, nazo zimelazwa kutoka ukuta mmoja hata wa pili, zikiegemea kuta fupi za matofali zilizojengwa chini ya nyumba ili kuiinua juu ya ardhi. Juu ya boriti zimepigiliwa mbao pana za podo, ambazo hazikupigwa randa vizuri kwa kuwa hazikukusudiwa kuonekana. Hizo ndizo tunazoziita sakafu ya chini. Juu ya hizo ndipo zilipopigiliwa mbao nyembamba za mvule. Kila ubao wa mvule una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na ulimi wa huu umeingia katika mfereji wa ule, hata sakafu nzima ikawa kitu kimoja.

Ujenzi wa namna hii ulienea sana Marekani. Huko nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1950 zina mbao za chini zenye upana wa inchi 6 au 8, nazo mara nyingi zimelazwa mshazari juu ya boriti. Zililazwa mshazari ili mbao za juu ziweze kupigiliwa kufuata upande wo wote atakao fundi, na ili nyumba ipate nguvu ya kutoyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, plaiwudi ilishika mahali pa mbao hizo. Katika nyumba nyingi kuukuu za Uingereza, na katika baadhi ya nyumba zilizojengwa kwetu kwa kufuata mfano wake, sakafu ya chini haiko: mbao za juu zimepigiliwa moja kwa moja juu ya boriti. Kwa hiyo mwanachama aliye na nyumba ya namna hiyo asitafute asichonacho. Tutakayosema juu ya sakafu ya chini na ayachukue kuwa yahusu boriti zake.

Wala habari ya sakafu kubebwa na kitu kisichoonekana si ngeni kwa watu wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, boriti za mikoko hulazwa ukuta hata ukuta, juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha hushindiliwa kwa chokaa. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, aghalabu futi 8 hata 10, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Fundi mwenye maarifa aonapo ufa juu ya sakafu ya namna hiyo hakimbilii chokaa. Kwanza hushuka chumba cha chini akatazama ncha za boriti, mahali zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo mvua ipenyapo, na hapo ndipo mti uanzapo kuoza. Tofauti yetu ni kwamba sisi hatuna chumba cha chini cha kushukia. Tuna giza tu, na mchwa.

Sasa tuje kwenye dalili. Ninyi nyote mmezisikia kwa miguu yenu. Upande wa kusini mtu hupita kama apitaye barabarani. Upande wa kaskazini sakafu hunesa, na mbao hulia. Mlio huo wenyewe si ugonjwa mkubwa. Mara nyingi ni ubao uliolegea ukisugua msumari wake, na dawa yake ni kabari nyembamba yenye gundi, au skrubu moja. Lakini mlio ukifuatana na kunesa, na kunesa kukifuatana na ufa kati ya sakafu na ubao wa pembeni ukutani, hapo msumari si wa kulaumiwa peke yake. Nanyi mnakumbuka jinsi mguu wa meza ya Mweka Hazina ulivyozama sakafuni, pamoja na daftari zake, siku ya kukusanya ada. Tuliicheka siku ile. Tulipoinama kutazama tundu hilo, kicheko kilikwisha.

Dalili ya tatu ndiyo tunayotaka mwizingatie kuliko zote, maana ndiyo inayokata shauri la vanishi. Mbao za mvule za upande wa kaskazini zimebetuka: kingo zake zimeinuka na katikati pamebonyea, hata ukilaza rula juu yake mwanga wapita chini. Sababu ni hii. Ubao ukinywa maji hutanuka, na ukikauka hunywea. Hapa upande wa chini wa ubao hunywa unyevu utokao ardhini, na upande wa juu hukaushwa na hewa ya ukumbi. Basi upande mmoja hutanuka kuliko wa pili, na ubao hujikunja kama jani.

Yatakuwaje tukipiga msasa mbao hizo katika hali hiyo? Mashine itakata kingo zilizoinuka, sakafu itakuwa sawasawa, nasi tutaisifu. Kisha, siku unyevu utakapoondoka, kila ubao utarudi katika umbo lake. Kingo zilizokatwa zitashuka, katikati patabaki kilima kidogo, na sakafu nzima itakuwa na mawimbi upande wa pili. Hapo tutalazimika kupiga msasa tena. Katika ubao wa unene wa inchi 3/4, mti ulio juu ya ulimi ni kama robo inchi tu. Ukiumaliza huo umeimaliza sakafu, kwa kuwa misumari hutokeza na ulimi huvunjika. Msasa ni kama kifutio cha karani: hufuta kosa, lakini kila mara huchukua na karatasi kidogo.

Mvule ni mti mgumu wenye sifa, na moyo wake hustahimili mchwa na kuvu miaka mingi. Hilo ndilo lililotudanganya macho. Juu ni mti unaostahimili, na chini ni podo, mti ulio mzuri kwa kazi kavu lakini huoza upesi ukikaa katika unyevu, na wadudu huupenda. Sakafu yetu ni nakala safi iliyopigwa chapa kutoka katika rasimu yenye makosa. Mwenye kuisoma husifu herufi, asijue kwamba jumla si sahihi.

Baada ya kuziona dalili tulitaka ushahidi. Hatukuvunja kitu cho chote. Tulianza ndani ya stoo ndogo ya kaskazini, mahali ambapo mbao za juu zimekwishalegea, tukainua mbao tatu kwa mtaimbo mwembamba, polepole. Fundi aliingiza bisibisi katika podo ya chini nayo ikaingia mpaka mpini, kama ichomwavyo keki. Mti mzima hukataa bisibisi. Mti uliooza huipokea. Kisha tukatumia chombo cha kupimia unyevu, ambacho kina sindano mbili zinazochomwa katika mti. Upande wa kusini kilionyesha sehemu 13 katika 100, upande wa kaskazini sehemu 26. Maana yake ni uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa ubao uliokaushwa kabisa. Wataalamu wa mbao hufundisha kwamba kuvu wanaoozesha mti hawapati nafasi ya kuota ubao ukibaki chini ya sehemu 20. Kwa hiyo upande wa kusini u salama, na upande wa kaskazini umekaa katika hatari, tena kwa muda mrefu.

Kwa taa tuliona boriti 11 za upande huo. Boriti 6 ni nzima. Boriti 3 zimeoza ncha zake mahali zinapoegemea ukuta wa nje. Boriti 2 zimeliwa na mchwa ndani, na nje zimebaki na sura njema. Ukizigonga kwa nyundo hutoa sauti ya ngoma. Juu ya ukuta mfupi wa matofali tuliona njia za udongo, nyembamba kama penseli, zimepanda kutoka ardhini hata kwenye mti. Hiyo ndiyo barabara ya mchwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga, na cha kwetu ki chini ya zulia.

Maji yatoka wapi? Swali hili ndilo la kwanza kwa kila sakafu iliyooza, na mtu akilikosa hili atatengeneza kazi ile ile mara mbili. Kwetu yatoka mahali pawili. La kwanza, bomba la kuteremshia maji ya mvua pembeni mwa ukuta wa kaskazini limetengana katikati, na mvua yote ya paa la upande ule humwagika chini ya ukuta. La pili, waliojenga nyumba waliacha matundu ya hewa katika kuta mbili zinazoelekeana, ili upepo upite chini ya sakafu na kuchukua unyevu. Miaka imepita, udongo wa bustani ya maua umeinuka mpaka kuyafunika matundu manne ya kaskazini. Hewa iingiayo kusini haina mlango wa kutokea. Pale chini pamekuwa kama chungu chenye kifuniko.

Basi kazi tunayoishauri yaanza nje ya nyumba, wala si ndani. Bomba liunganishwe na maji yapelekwe mbali na ukuta. Udongo uondolewe mpaka matundu yote yawe wazi, na juu yake kuwe na wavu wa kuzuia panya. Maua yataishi mahali pengine. Kazi hizi mbili ni rahisi, na hata mkikataa yote mengine twawasihi msizikatae hizi. Tena baada ya kuzifanya tungoje. Mti uliolowa haukauki kwa siku tatu. Kwetu huku nyanda za juu wataka majuma mengi ya kiangazi, na chombo cha kupimia ndicho kitakachotuambia, wala si hamu yetu.

Baada ya hapo ndipo sakafu ifunguliwe. Mbao za mvule hazitatupwa. Kila ubao utaandikwa namba kwa chaki upande wa chini, kwa kufuata mchoro wa ukumbi, kama tunavyopanga faili ofisini. Ubao wa kwanza ndio mgumu, maana umeshikwa na ndugu zake pande zote. Huo hutobolewa kwa keekee, ukapasuliwa katikati kwa patasi, ukatolewa vipande vipande. Ukishatoka huo, wengine hufuata kwa mtaimbo, mmoja mmoja, bila kuvunjwa ulimi. Siku ya kurudisha, ubao wa mwisho hukatwa mdomo wa chini wa mfereji wake ili uweze kushuka mahali pake kutoka juu.

Kisha podo iliyooza itakatwa. Fundi mwenye haraka hukata mahali po pote palipooza, akaacha ncha ya ubao mpya ikining'inia hewani. Sivyo. Mkato wapasa kuangukia katikati ya boriti, ili ubao wa zamani na mpya zote mbili zipate pa kulalia na pa kupigiliwa. Pasipo na boriti, kipande cha mti hupigiliwa kati ya boriti mbili kiwe mto wa kupokea ncha. Nasi tumepatana na fundi kwamba akate futi 1 kupita mahali macho yanapokoma kuona uozo, maana kuvu hutangulia mbele ya macho.

Boriti zilizooza ncha hazina lazima ya kutolewa zote. Kila moja itafungiwa boriti mwenzi, yaani boriti mpya ya kimo kile kile iliyolazwa ubavuni mwake, ikafika ukuta hata ukuta, na zikakazwa pamoja kwa boliti za inchi nusu, moja juu moja chini. Kabla ya kukaza, boriti ya zamani huinuliwa kwa jeki polepole mpaka irudi usawa wake. Anayeinua kwa pupa huvunja plasta ya kuta, na pengine boriti yenyewe. Sehemu iliyooza hukatwa na kuondolewa, isiachwe ikiuambukiza mti mpya. Ncha ya boriti mpya haitagusa tofali tupu: chini yake kutawekwa kipande cha karatasi ya lami, na pembeni mwake pataachwa nafasi ya hewa. Zile mbili zilizoliwa na mchwa zitatolewa kabisa, na juu ya kila ukuta mfupi tutalaza bati lililokunjwa kingo zake kuelekea chini. Bati hilo halimuui mchwa. Humlazimisha kujenga njia yake nje, mahali tunapoweza kuiona na kuivunja.

Hapa pana onyo kwa wanachama wenye nyumba zao. Mafundi wa maji na wa umeme wana desturi ya kukata boriti kama wakatao muwa ili kupitisha mabomba na nyaya zao. Kanuni za ujenzi za Marekani zasema tundu katika boriti lisizidi theluthi ya kimo cha boriti, na lisiwe karibu ya inchi 2 kutoka ukingo wa juu au wa chini. Wala pengo lisikatwe kabisa katika theluthi ya katikati ya urefu wake. Sababu ni kwamba kingo za juu na za chini ndizo zibebazo mzigo. Fundi akitaka kukata ukingo, mwulize kwanza ni nani atakayebeba baada yake.

Mahali pa podo iliyotolewa tutaweka plaiwudi ya unene wa milimita 18, iliyogandishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji. Kati ya kipande na kipande itaachwa nafasi ya milimita 3, kwa sababu mti hupumua, na usipopewa nafasi hujitafutia kwa kuinuka. Kwa kuwa podo ya zamani ni nene kuliko plaiwudi, juu ya boriti zitapigiliwa fito nyembamba za kufidia tofauti hiyo, ili mguu usijue ni wapi zamani iliishia na upya ulianza. Plaiwudi itakazwa kwa skrubu, wala si kwa misumari mitupu, na pembeni mwa kila kipande skrubu zitakaribiana kwa inchi 6. Kisha pimamaji na rula ndefu zitapita. Kipimo cha mafundi wa sakafu ni kwamba katika futi 10 isionekane tofauti ya kimo zaidi ya inchi 3/16. Mwisho karatasi ya lami italazwa, na mvule utarudishwa kwa namba zake. Walakini usirudishwe mpaka chombo kionyeshe kwamba unyevu wa mbao za juu na wa mbao za chini haupitani kwa zaidi ya sehemu 4 katika 100. Hicho ni kipimo cha mbao nyembamba kama zetu, zisizofika inchi 3. Mbao pana zataka tofauti ndogo zaidi.

Katika nyumba kuukuu, vumbi la chini ya sakafu si vumbi la kawaida. Zamani mchwa walipigwa vita kwa dawa kali kama dieldrini na klordani, ambazo hukaa katika udongo miaka mingi, na ambazo zimo katika orodha ya sumu za Mkataba wa Stockholm wa 2001. Rangi za zamani aghalabu zina risasi, na baadhi ya vigae vya plastiki vya zamani, pamoja na gundi yake, vina asbestosi. Kwa hiyo hakuna mtu atakayeingia chini ya ukumbi wetu bila barakoa nzuri na glavu, umeme utazimwa kwanza, watoto hawatakaribia. Ikionekana kazi yenye vigae vya namna hiyo, vigae visipigwe msasa wala kuvunjwa na mtu asiyefundishwa.

Sasa tujibu maneno tuliyoyasikia katika vibaraza. Wako wasemao, tupigilie plaiwudi juu ya mvule, tutandike zulia, tumalize. Ndugu zetu, kufunika si kutengeneza. Zulia litaficha kunesa mpaka siku mguu wa mtu utakapopita, na unyevu uliokuwa ukitokea juu utafungiwa ndani, uozo uongezeke. Wako wasemao, tung'oe yote tumwage zege. Zege si kitu kibaya, lakini lahitaji kujazwa kifusi, kushindiliwa, na kutandikwa karatasi ya kuzuia unyevu, na gharama yake yapita mara nyingi fedha zilizopo. Pia tutakuwa tumeutupa mvule ambao leo haupatikani ovyo, kwa kuwa misitu imepungua na miti hiyo ya asili haikatwi bila kibali.

Wako pia waulizao, mbona haijaanguka? Swali hili twaliheshimu. Haijaanguka kwa sababu sakafu hushirikiana: boriti iliyooza huukabidhi mzigo wake kwa jirani, na jirani hubeba bila kulalamika. Hata sasa boriti 6 zafanya kazi ya 11. Ninyi makarani mwajua ofisi ya namna hiyo iendavyo. Barua hutoka, wakubwa hawaoni kasoro, mpaka siku mmoja wa wale sita augue. Nasi tukumbuke ni nani wakaao upande wa kaskazini. Wazee wetu waliostaafu hukutana pale kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa ndipo penye jua la asubuhi dirishani. Watoto husoma pale jioni. Siku ya karamu, ngoma huchezwa pale. Hatukutumwa kuwatisha, lakini hatukutumwa kuwanyamazia.

Juu ya mapatano na fundi tumekata shauri haya, nanyi mwaweza kuyatumia majumbani mwenu. Kazi iandikwe kwa sehemu zake, na malipo yafuate sehemu: sehemu ya kwanza baada ya maji kuzuiwa, ya pili baada ya boriti, ya tatu baada ya plaiwudi, ya mwisho baada ya mvule kurudi. Kila sehemu ikaguliwe kabla ya kufunikwa, na picha zipigwe, kwa kuwa baada ya kufunikwa hakuna awezaye kushuhudia. Bei ya boriti moja na ya kipande kimoja cha plaiwudi iandikwe mbali, ili tukikuta boriti ya sita imeoza tusianze kugombana juu ya bei yake. Na sehemu moja katika kumi ya fedha zote ibaki kwa Mweka Hazina bila kuguswa kwa ajili ya jambo lisilojulikana, maana katika nyumba kuukuu jambo hilo hutokea daima.

Hatuwafichi hasara ya shauri letu. Mkilikubali, siku ya karamu ukumbi utakuwa na viti vile vile vya kuegemeza ukutani. Mvule utakuwa na madoa yake ya zamani, na mahali ubao mmoja ulipopasuliwa patakuwa na ubao wa rangi nyingine, nao utaonekana. Mgeni atauliza fedha zilikwenda wapi, nasi hatutakuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa picha na hesabu. Msasa na vanishi vitangoja mwaka wa pili, wakati mbao zitakapokuwa zimekauka na kurudi katika umbo lake. Tena huenda wakati huo hata msasa mwingi hautahitajika, kwa kuwa mbao nyingi zilizobetuka hujinyosha zenyewe unyevu ukiondoka.

Karatasi ya kura imeambatishwa na gazeti hili. Mwanachama aandike 1 au 2, atie sahihi yake, na kuirudisha kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana kazi ya bomba yapasa kutangulia mvua. Mchoro wa boriti 11, pamoja na vipimo vya unyevu, umebandikwa ubaoni mlangoni mwa ukumbi. Mbao tatu za stoo hatujazirudisha. Tumeweka uzio mdogo na taa kando yake, ili kila mwenye shaka aje ainame, atazame kwa macho yake mwenyewe kabla ya kushika kalamu.



Sisi wa Halmashauri ya Nyumba.